Dawa za presha haziui figo, presha ndo inaua: maswali mnayoniuliza kliniki

Presha na figo vinahusiana vipi?
Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, vyote ni vimishipa vidogo mno. Mshipa mkubwa wenye afya unatanuka moyo unaposukuma damu, unameza ule mshindo kabla haujafika huko chini. Sasa presha ikikaa miaka, ongeza umri, sukari na sigara, mshipa unakakamaa kama mpira wa manati uliokauka, mshindo wote unaenda kugonga figo, vichujio vinapata makovu na kikishakufa hakirudi. Figo zikichoka zinabakiza chumvi na maji mwilini, presha inapanda tena, fosfati nayo, madini ambayo figo zilitakiwa kuyatoa, inajaa kwenye damu na mishipa inazidi kuwa migumu. Ndo hivyo, vinalishana.

Yangu ni 170 kwa 70, si ya chini iko poa?
Haiko poa. Pengo kubwa hivyo kati ya namba ya juu na ya chini kwa mtu mzima mara nyingi ni mishipa imeshakakamaa.

Nasikia dawa za presha zinaharibu figo?
SIO KWELI. Nasema tena, sio kweli! Baba wa watu analetwa uso umevimba, miguu imejaa, anatapika na kuhema juu juu, ukifungua daftari lake unakuta mwaka juzi alikuwa 190 kwa 110 akaandikiwa dawa, ukimuuliza anakwambia aliacha "ili kuokoa figo". Figo zenyewe hizo hapo, zimekwisha. Dawa kama kaptopril na losartani tunazitumia haswa kulinda figo, zinapunguza protini inayovuja kwenye mkojo. Mwanzoni kreatinini, ile taka ya kwenye damu tunayopima kujua figo zinachuja vipi, inaweza kupanda kidogo, ndo maana tunarudia vipimo, sasa wewe ukiacha kimya kimya tutajuaje? Kaptopril ikikuletea kikohozi kikavu, njoo ubadilishiwe.

Mbona jirani yangu alianza dawa na figo zikafeli?
Mara nyingi mtu kama huyo alianza amechelewa, figo zilikuwa zinakufa kabla hajameza hata kidonge kimoja. Hapo kilichoziua ni presha, SIO dawa.

Presha imeshuka hadi 120 kwa 80, niache?
Hapana jamani. Imeshuka kwa sababu unameza.

Kwa hiyo dawa zinazoharibu figo ni zipi?
Diklofenaki na ibuprofeni, hizo mnazonunua duka la dawa kila wiki kwa ajili ya mgongo na magoti, cha ajabu hizo hamziogopi kabisa. Na ile mitishamba ya "kusafisha figo" ya kwenye chupa za maji, hakuna anayejua ina nini ndani, naomba iacheni.

Mimi sijisikii kuumwa, nipime nini?
Figo zinaweza kufa zaidi ya nusu usisikie kitu, kwa hiyo usisubiri kuvimba wala mkojo kutoa povu. Mwenye presha apime kreatinini na protini kwenye mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Wengi wenye shida ya figo tunataka presha iwe chini ya 130 kwa 80, daktari wako atakupangia ya kwako. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na ile unayonyunyizia kwenye chipsi inahesabiwa.

Nakaa mbali, dawa zikiisha je?
Zikibaki za wiki moja ndo uanze kutafuta zingine, mama, sio siku umemeza cha mwisho. Na njoo na daftari lako.