Poizoni aivi ni nini na kwa nini inawasha hata winta

Ukihamia Marekani au Kanada, hasa upande wa mashariki na wa katikati, hutakaa sana kabla hujaambiwa uwe makini na poizoni aivi, na wengi wakishakwambia ni mmea wa majani matatu matatu ukiuona pita mbali, wanaona wamemaliza. Ni kweli, ila hayo ni maelezo ya kiangazi. Kwenye Oktoba hivi majani yanageuka mekundu, mazuri kweli, halafu yanapukutika, mmea unabaki vijiti tu, na hapo ndo watu wanaingia msituni na chensoo kukata kuni au kusafisha uzio wakijua hakuna shida.

Shida ipo palepale. Kinachokuwasha sio jani, ni mafuta yanaitwa urushioli, na yako kwenye utomvu wa mmea mzima, shina, mizizi, mpaka vitunda vyake. Baridi haiyaui. Halafu kitu wengi hawajui, huu mmea ni ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, kwa hiyo mtu wa Mtwara au Lindi anayejua mafuta ya ganda la korosho yanavyomuunguza mbanguaji mikono hata kumwelezea haina haja, na kuna watu ambao mwili ukishaikataa urushioli basi hata ganda la embe likigusa midomo wanatoka vipele.

Ila usidhani ni kama upupu. Upupu unakuwasha hapohapo, unajua kabisa nimepatikana. Hii inakaa kimya: unaigusa Jumamosi, unarudi nyumbani, unakula, unalala, Jumatatu ndo unaona mistari myekundu mkononi, inawasha balaa, kisha malengelenge. Ni aleji, yaani mafuta yanapenya kwenye ngozi na kinga ya mwili inakuja kupigana nayo, na hiyo inachukua muda, mara nyingi siku moja mpaka tatu, na kama ndo mara yako ya kwanza kabisa maishani inaweza kufika hata wiki mbili tatu. Ndo maana wageni wengi wanasema mimi hainidhuru. Watu wengi sana inawadhuru, ni suala la muda tu.

Sasa bila majani utaijuaje? Angalia magogo na miti mikubwa. Ukiona kama kamba nene imepanda mti na imeota manyoya ya kahawia pembeni yote, hayo manyoya ni mizizi inayoshikilia gome, usiguse. Pia kuna vitunda vidogo vyeupe vyeupe vinakaa kwa vichala, ndege wanavila winta nzima. Ile inayoota chini kama kichaka ndo ngumu, ni vijiti kama vijiti vingine, kwa hiyo mimi naona bora uvae suruali ndefu na glavu nzito za vinili kuliko kujifanya mtaalamu, na zile glavu nyembamba za mpira za hospitali hazisaidii, mafuta yanapita.

Kwenye kuni ndo nataka tuelewane vizuri. Gogo lenye hiyo kamba ya manyoya usilitie kwenye stovu wala usilichome uani, hata kama limekauka, kwa sababu mafuta yanapanda na moshi na ukiuvuta unaingia kooni na kwenye mapafu. Hapo sio upele tena, ni emajensi, mtu akianza kupumua kwa shida baada ya moshi kama huo piga 911, namba ya dharura ya huko.

Nguo za baridi nazo zina mtego wake. Kiangazi tisheti unaifua, lakini koti la kazi nani analifua kila wiki? Mafuta yanaweza kukaa kwenye koti, kamba za buti, mpini wa shoka, hata manyoya ya mbwa, miezi na miezi bado yana nguvu, unajikuta unawashwa Februari na msituni hujaenda tangu Desemba. Na bomba la nje limefungwa lisigande, kwa hiyo mtu anaingia kwenye gari na mikono hiyohiyo, anashika usukani, anashika simu. Beba spiriti na vitambaa, jifute kabla ya kugusa kitu. Ukifika nyumbani osha kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, sugua na kitambaa, suuza, rudia, na chini ya kucha usisahau. Ukiwahi ndani ya dakika kumi hivi unaokoa mengi, lakini hata ukichelewa osha tu.

Upele wenyewe hauambukizi. Maji ya malengelenge hayana urushioli, kwa hiyo mwenzio hapati kwako kama mafuta ulishayaosha, na ukiona sehemu mpya zinatokea baadaye ni kwamba zilipata mafuta kidogo au ngozi ya hapo ni nene, au bado unalivaa lile koti.

Dawa ni kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini, krimu ya haidrokotisoni ya kupunguza muwasho, na kutojikuna, kisha unasubiri, kawaida wiki moja mpaka tatu. Ukipata usoni, karibu na macho au sehemu za siri, nenda kwa daktari. Akikupa vidonge vya steroidi, yaani dawa ya kutuliza kinga ya mwili, vimalize jinsi alivyoandika hata ngozi ikitulia mapema, ukikatiza njiani upele unaweza kurudi.