"Atakua Nayo": Dhana Potofu Kuhusu Chumba cha Kumfundishia Mtoto Nyumbani

Wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotenga chumba cha kumfundishia mtoto nyumbani huja na mambo yaleyale waliyoambiwa na jirani, na fundi seremala huyakazia. Mengi si ya kweli. Lipo moja linalochosha kuliko yote, maana linakula fedha, linamtesa mtoto, na mwishowe mtoto huyohuyo ndiye anayelaumiwa. Naanza na hilo.

Dhana: "Tengeneza meza na kiti vikubwa, atakua navyo"

Sketi ya shule unaweza kuishona na upindo mrefu ukaufungua mwakani. Meza haina upindo.

Kiti cha kulia chakula cha mtu mzima huwa na kimo cha sm 45 hivi. Mkalishe hapo mtoto wa miaka minne uone. Miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, ganzi inaanza, naye anateleza mbele ili vidole viguse sakafu. Akiteleza, mgongo unapinda. Meza ya sm 75 inamfika karibu na mabega, kwa hiyo hawezi kuandika bila kunyanyua bega. Mkono ulionyanyuliwa hivyo hauongozwi na vidole bali na bega zima, na herufi zinatoka kubwa, zimepinda, zinapanda na kushuka. Dakika tano hazipiti, anajinyonganyonga, anapiga magoti juu ya kiti, anashuka. Mzazi anasema mtoto hatulii, hapendi kusoma. Mtoto anatafuta mahali pa kukanyaga!

Ukweli ni kwamba kiti na meza hupimwa kwa mwili alio nao mtoto leo. Ulaya kuna kiwango cha samani za shule kiitwacho EN 1729, na vipimo vyake vinamfaa hata fundi wa Mafinga. Mtoto mwenye urefu wa sm 93 hadi 116 anahitaji kiti cha sm 26 na meza ya sm 46. Wa sm 108 hadi 121, kiti sm 31 na meza sm 53. Wa sm 119 hadi 142, kiti sm 35 na meza sm 59. Vipimo vinaingiliana kidogo kwa sababu watoto wenye urefu mmoja hawalingani miguu.

Umri haumo katika vipimo hivyo, na fundi akikuuliza "ana miaka mingapi?" usiishie kumtajia miaka. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka mitano huwa na wastani wa karibu sm 110. Lakini mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, pamoja na kulisha nchi mahindi na maharage, imekuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi zaidi. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana sm 10. Kiti kinachomtosha mmoja kitamning'iniza mwenzake. (Na kama mtoto ametimiza miaka mitano na hajafika sm 100, acha meza kwanza, mpeleke kliniki apimwe.)

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Avue viatu, asimame visigino na mgongo vikigusa ukuta, umwekee kitabu kigumu kichwani kikiwa kimebana ukuta, kisha uchore alama. Halafu mkalishe juu ya kitu kifupi, nyayo zote zikiwa chini na goti limekunjwa sawasawa, upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti. Ukikosea, afadhali kipungue sm 1 kuliko kuzidi. Akiwa bado amekaa, alegeze bega na kukunja kiwiko, upime kutoka pale alipokalia hadi chini ya kiwiko. Ongeza sm 3, jumlisha na kimo cha kiti, umepata kimo cha meza. Mfano: goti sm 27, kiwiko sm 17, nyongeza sm 3, meza ni sm 47. Kina cha kiti kiache nafasi ya vidole vitatu vya mtoto kati ya ukingo na nyuma ya goti. Uso wa meza, sm 60 kwa 45 unamtosha mtoto mmoja.

Kuna kosa ambalo mafundi hulirudia: ile mbao ya kuzungushia chini ya uso wa meza. Wamezoea kuweka ya inchi nne, yaani sm 10. Kwenye meza ya mtu mzima haina neno. Kwenye meza ya sm 47 yenye kiti cha sm 27 kuna sm 20 tu kati ya kiti na juu ya meza. Toa sm 2 za ubao wa juu na sm 10 za mzunguko, zinabaki 8, na mapaja hayapiti. Mtoto anakaa upande upande, na kipimo chote ulichokipigania kimepotea. Mwambie fundi mzunguko usizidi sm 5, na droo asiweke kabisa.

Mbao za paini za Mafinga zinatosha: za inchi moja kwa nane kwa uso wa meza, mbili kwa mbili kwa miguu. Shida ni kwamba nyingi huuzwa mbichi, na meza ikitengenezwa kwa mbao mbichi, ikifika Agosti imejipinda na misumari imelegea. Zipange chini ya paa, zisipigwe jua moja kwa moja, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja kila baada ya sm 60 ili upepo upite. Mbao ya inchi moja huhitaji mwezi mmoja hadi miwili wakati wa kiangazi, na zaidi wakati wa mvua. Usikadirie kwa macho. Pima kipande kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka. Kona zizungushwe kwa kuchora duara la kizibo cha soda, kisha msasa namba 80 ukifuatwa na 120.

Kama wasiwasi wako ni kwamba atakua upesi, goti la mtoto wa umri huu hupanda kama sm 2 kwa mwaka. Seti iliyopimwa vizuri hutumika miaka miwili hivi, kisha mdogo wake anairithi. Unaweza pia kumwagiza fundi afunge miguu kwa bolti badala ya misumari, na kila mguu uwe na matundu matatu yaliyopishana sm 3. Matundu ya upande mmoja yasiwe usawa mmoja na ya upande wa pili, la sivyo bolti zitagongana ndani ya mguu.

Na kama meza ya watu wazima tayari ipo na huna fedha ya nyingine, mpandishe mtoto. Mtoto yuleyule wa mfano anahitaji kukaa sm 20 chini ya uso wa meza, yaani sm 55 kutoka sakafuni. Kwenye kiti cha sm 45 ongeza kitu kigumu cha sm 10 kilichofungwa kisiteleze. Mto laini wa sponji hutitia na kumyumbisha. Chini ya nyayo weka sanduku la sm 28. Sanduku hilo ndilo watu wengi huliacha, wakati ndilo lenye kazi kubwa kuliko vyote.

Dhana: "Jiko la mkaa likishakolea halina madhara"

Kilichoisha ni moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa mfululizo, tena kwa wingi zaidi hewa inapopungua chumbani, ambayo ndiyo hali unayoitengeneza ukifunga dirisha kuzuia baridi. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtoto hupumua haraka kuliko wewe, hivyo huathirika kabla yako. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Sufuria ya maji juu ya jiko haipunguzi chochote. Mtoto akilalamika kichwa, akasikia kichefuchefu au akasinzia asubuhi mahali penye jiko la mkaa, mtoeni nje papo hapo na mumpeleke hospitali, hata akionekana amepata nafuu. Jiko la mkaa halina nafasi katika chumba cha mtoto, Juni wala Julai, Makete wala Uyole. Hapa sina mjadala.

Joto litafutwe kwenye jua. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini au mashariki hupata jua hilo. Cha kusini hubaki baridi mchana kutwa. Watu wengi humpa mtoto chumba cha kusini kwa sababu hakina mtu, na hakina mtu kwa sababu ni cha baridi. Fungua mapazia saa moja asubuhi, anza masomo saa nne, si saa mbili. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili, na mkeka peke yake hauzuii: tandika nailoni kuzuia unyevu, kisha tabaka mbili za maboksi yaliyokunjuliwa, kisha mkeka au zulia. Soksi nzito na sweta mbili za mtumba kutoka soko la Mwanjelwa zitamaliza kazi iliyobaki.

Dhana: "Mbao za dawa ndizo imara, mtengenezee mtoto hizo"

Hapana. Zile mbao zenye rangi ya kijani zimekusudiwa mapaa na nguzo. Dawa yake mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Mtoto hushika, hulamba vidole, hutafuna ukingo. Mabaki yake pia usiyachome jikoni. Meza ya ndani haiguswi na mvua, kwa hiyo haihitaji dawa hiyo hata kidogo.

Rangi nayo iangaliwe. Rangi za mafuta za njano na nyekundu kali ndizo zilizokuwa zikikutwa na madini ya risasi mara kwa mara. Soma kopo, kama halisemi kwamba haina risasi, liache. Mbao iliyopigwa msasa vizuri inapendeza hata bila rangi.

Dhana: "Ukuta ujae chati ndipo mtoto ajifunze"

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafundisha watoto wa chekechea baadhi ya masomo katika chumba kilichopambwa kila mahali na mengine katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo walipotea mawazo zaidi na walijifunza kidogo. Weka chati mbili au tatu, za somo la wiki hii, na ukimaliza uzitoe. Katikati ya chati pawe sm 90 hadi 100 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho yake, siyo yako. Upande anaotazama akiandika ubaki mtupu. Na unapochagua chati ya herufi, kama unaanza kumsomesha Kiswahili, chagua inayoanza na a, e, i, o, u na silabi zake. Chati za "A for apple" zinamfundisha majina ya herufi ya Kiingereza, halafu tunashangaa akisoma "baba" kwa kusitasita.

Dhana: "Mbegu yoyote inafaa kuhesabia"

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, hakuna mbegu ndogo inayofaa. Haragwe kavu likiingia puani huvimba kwa unyevu na kukwama. Likiingia kwenye njia ya hewa ni hatari kubwa zaidi. Mpe kokwa za parachichi zilizooshwa na kukaushwa, hazipiti kooni. Mbegu za mnyonyo, zile za madoadoa zinazookotwa mipakani mwa mashamba, usimpe mtoto wa umri wowote: zina sumu kali, na akiitafuna inaweza kumuua.

Dhana: "Bila chumba kizima haiwezekani"

Kona ya mita 2 kwa 2 inatosha. Kabati la vitabu lisizidi sm 90, lifungwe ukutani kwa vyuma vya L, skrubu na plagi, kwa sababu mtoto atalipanda. Kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, toboa kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye maungio ya udongo, yatabomoka. Wa Tukuyu na kwingine kwenye mvua nyingi, achieni sm 5 kati ya kabati na ukuta wa nje, vinginevyo vitabu vitaota ukungu kabla ya Machi.

Dhana: "Nina chumba nyumbani, kwa hiyo simwandikishi shule"

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shule ya msingi, na chumba kizuri hakiondoi wajibu huo. Kitumie kumwandaa kabla ya umri wa shule, na baada ya hapo kwa kazi za jioni na likizo. Muhula huanza Januari, kwa hiyo miezi ya mwisho wa mwaka nenda na cheti chake cha kuzaliwa kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, na kama una maswali kuhusu kumfundishia nyumbani, muulize afisa elimu kata kabla hujaagiza mbao.