Je, wajua kwa nini sifa za uongo huitwa kilemba cha ukoka?

Mtu anaposifiwa kwa sifa asizostahili, hasa na mwenye haja kwake, Waswahili husema amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani yale yatambaayo chini, wanayolishwa mbuzi na ng'ombe. Kwa nini basi sifa, ambazo ni maneno tu, zikasemwa kana kwamba ni nguo ya kichwani?

Jibu limo katika desturi za pwani, ambako kumsifu mtu hakukuishia mdomoni. Kilemba halisi ni kitambaa kirefu kinachozungushwa kichwani, vazi la masheikh na watu wa heshima, na jina lake likapewa pia ada ambayo mwanafunzi humpa fundi wake anapohitimu kazi, au mzazi humpa mwalimu mtoto anapomaliza masomo. Anayetoa kilemba amekwisha kusifu, hata asipotamka neno.

Desturi hii huonekana wazi zaidi katika posa. Mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, lakini kando yake huwapo vitu vya wakubwa wake: kilemba cha baba, au cha mjomba kwa baadhi ya watu, kisha mkaja na ubeleko, ambavyo ni vya mama. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Havikuchaguliwa kwa uzuri wake, kwani sokoni zipo nguo nzuri kuliko hizo. Vimechaguliwa kwa sababu kila kimoja kinataja kazi iliyofanywa, tumbo lililozaa na mgongo uliolea, miaka mingi kabla mchumba hajabisha hodi. Siku hizi vingi hutolewa kwa fedha taslimu, lakini washenga bado huvitaja kimoja kimoja kwa majina yake, nami naona wana hoja, kwa kuwa noti zisizo na jina zingefanana mno na bei ya binti.

Katika taarabu mambo ni mepesi zaidi: msikilizaji aliyeguswa huinuka na kumtuza mwimbaji fedha mbele ya watu, na kutokana na kitenzi hicho tumepata neno tuzo.

Sasa kejeli ya ukoka inaeleweka. Kilemba cha kweli kina gharama, na gharama hiyo ndiyo inayomthibitisha msifuji. Ukoka hung'olewa bure njiani, na ukizungushwa vizuri huenda ukapendeza kwa saa chache, hadi jua liukaushe. Zaidi ya hayo, kilemba hukaa mahali ambapo macho ya mvaaji hayafiki, kwa hiyo yeye hutembea ameinua shingo, na wanaokutana naye ndio wanaoona kwamba amejitwika malisho ya mbuzi.