Mwanangu anavuta unga: maswali ya wazazi, na majibu yake

Nikimfungia chumbani wiki nzima, si atakuwa ameacha?

Wengi wameshajaribu, na wengi wameishia kuvunjiwa mlango. Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga (heroini), huanza ndani ya saa 6 hadi 12 tangu avute mara ya mwisho: kamasi, machozi, miayo, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki hivi mwili hutulia. Lakini hamu ya unga haiondoki na arosto. Hukaa miezi, hata miaka. Tena akitoka humo chumbani mwili umeshapoteza mazoea, kwa hiyo kiasi kile kile alichokuwa akivuta zamani kinaweza kumuua.

Kama tatizo ni pombe nyingi ya kila siku, kumkatisha ghafla bila daktari ni hatari zaidi. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wapo wanaokufa.

Methadoni, dawa wanayopewa wavuta unga kliniki ili waache, si ulevi mwingine tu?

Ni ya jamii moja na heroini, hilo ni kweli. Tofauti yake ni kwamba hunywewa, hukaa mwilini siku nzima, na dozi ikishapatikana sawasawa huzuia arosto bila kumlewesha. Mtu anaamka, anakunywa dawa, anakwenda kibaruani. Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kuitoa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoani kama Dodoma, Mbeya na Mwanza. Haiuzwi, na kwa kawaida anainywa kliniki, mbele ya mhudumu.

Ila ni kila siku, na hapo ndipo wengi hukwama: dawa ni bure, nauli si bure.

Basi nimpe hela ya nauli?

Miezi ya mwanzo, usimpe mkononi. Panda naye daladala, au mlipe mwenyewe bodaboda mnayemfahamu. Chakula mpe, nguo mfulie ukitaka, hospitali mpeleke. Deni la kete za unga usilipe. Najua jibu hili linauma, kwa sababu usipompa huenda mtungi wa gesi ukatoweka jikoni. Fungia vya thamani, simu lala nayo, na masharti ya nyumba mwambie asubuhi akiwa ametulia. Usiku, arosto imembana, hamtaelewana, mtagombana tu. Akitishia kupiga mtu, toka na watoto, ita watu. Kuzaa si kukubali kupigwa.

Silali. Lakini nikijihangaikia mimi, si nitakuwa nimemtelekeza?

Hapana. Kwa maoni yangu hili ndilo swali linalocheleweshwa kuliko yote. Mama anaruka vidonge vyake vya presha kwa sababu hela imeenda kukomboa redio iliyouzwa. Anakaa macho hadi saa nane usiku akisubiri geti ligongwe. Jirani akiuliza, anajibu kijana ana malaria. Siri hiyo nayo inachosha. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli, awe shangazi, rafiki wa kikoba, shekhe au padri anayejua kufunga mdomo. Pangeni zamu za kumsindikiza, na baba yake au kaka zake nao washike siku zao. Presha kapime. Na ukimpeleka kliniki, omba na wewe kuzungumza na mshauri. Huhitaji kuwa mgonjwa ndipo usikilizwe.

Nimemkuta anakoroma ajabu, haamki. Nimwache alale?

Usimwache. Pumzi za taratibu mno, midomo ya bluu na mboni ndogo kama kichwa cha pini ni dalili kwamba unga umemzidi. Mtikise, muite kwa sauti, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, mkimbize hospitali sasa hivi. Waambie wazi ametumia nini. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini lazima wajue. Usimmwagie maziwa mdomoni.

Alikaa vizuri muda mrefu, amerudia. Tumepoteza?

Kurudia hutokea sana kwenye ugonjwa huu. Mrudishe kliniki kesho yake, matusi weka kando.

Naanzia wapi?

Tanzania piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya ni 1192, ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Unaweza kupiga wewe mzazi hata kama yeye bado hataki kusikia habari ya kuacha.