Mafuta ya Mwili Huenda Wapi? Maswali na Majibu Kuhusu Kupungua Uzito

Mtu akipunguza kilo kumi za mafuta, yale mafuta huwa yameenda wapi?

Wengi husema yameyeyuka yakatoka na jasho. Wengine watakwambia yametoka chooni, na waliosoma kidogo watasema yamegeuka kuwa nguvu. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha hesabu ya jambo hili. Waliwauliza pia madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi wapatao 150, na wengi wao walikosa.

Jibu ni kwamba sehemu kubwa hutokea puani na mdomoni. Mafuta ya mwili yameundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Seli zikiyachoma kwa oksijeni unayovuta, hupatikana vitu viwili: hewa ukaa, ambayo damu huibeba hadi kwenye mapafu ukaipumua nje, na maji, yanayotoka kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 huondoka kama hewa ukaa na kilo 1.6 kama maji. Nguvu unaipata kweli, ila nguvu haiwekwi kwenye mizani.

Basi nikikaa nahema kwa nguvu, nitapungua?

Utapata kizunguzungu tu. Mapafu hutoa hewa ukaa iliyokwisha kutengenezwa na seli, hayawezi kuzilazimisha zichome zaidi. Seli zitachoma zaidi pale misuli inapodai kazi, kwa mfano ukipanda ngazi au ukitembea haraka, na hapo pumzi itaongezeka yenyewe bila kuamriwa.

Hayo mafuta hutokaje tumboni mpaka yakachomwe?

Yamehifadhiwa ndani ya seli maalumu, chini ya ngozi na katikati ya matumbo. Ukila, hasa vyakula vya wanga na sukari, kongosho humwaga insulini, na insulini huziambia seli hizo zifunge akiba. Saa kadhaa baada ya mlo insulini hushuka. Hapo mafuta hukatwakatwa kuwa asidi za mafuta, yakaingia kwenye damu na kupelekwa kwenye misuli, moyo na ini. Humo ndimo yanamochomwa.

Jambo hili linatokea kwa kila mtu, kila usiku anapolala, mnene na mwembamba. Asubuhi anakunywa chai na maandazi, akiba inarudishwa. Mtu hupungua pale tu kinachotolewa kinapozidi kinachorudishwa, tena kwa wiki na miezi. Seli zenyewe hazipotei, hunywea tu, zikabaki zikingoja.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, wiki ya tatu hata nusu kilo haikufika. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Kilo zile za mwanzo nyingi zilikuwa maji. Ini na misuli huweka akiba ndogo ya wanga iitwayo glaikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake huondoka nayo. Ndiyo maana wanaouza programu za "kilo tano kwa siku saba" hawaongopi kabisa kuhusu mizani. Wanachoficha ni kwamba sahani moja kubwa ya pilau Jumapili itarudisha sehemu ya hizo kilo kufikia Jumatatu.

Mafuta yenyewe huondoka polepole. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Ukila pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 500 kila siku, tarajia nusu kilo kwa wiki mwanzoni, na baadaye chini ya hapo. Usijipime kila asubuhi ukajipa presha bure. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno mara moja kwa wiki mbili: mara nyingi kiuno husema kweli kabla ya mizani.

Niache ugali?

Ugali umesingiziwa mengi. Kiasi kina maana, kwani gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori kama 360, na mlima wa ugali wa mtu anayelima kutwa haumfai anayekaa ofisini kutwa. Lakini mara nyingi tatizo limejificha kwenye mafuta ya kupikia, kwa sababu hayashibishi na hayaonekani.

Mtazame anayepika chapati. Donge la unga linasukumwa, linapakwa mafuta juu yote, linasokotwa, linaachwa likae, linasukumwa tena. Likifika kwenye kikaango, kijiko cha mafuta upande huu, kijiko upande ule, na chapati inakandamizwa huku ikizungushwa mpaka imeyanywa yote. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120. Chapati moja ya kawaida hupita kalori 300 kwa urahisi, na nani hula moja? Mchicha nao ni mboga nyepesi kabisa, mpaka pale chupa ya mafuta inapoinamishwa kwenye sufuria bila kijiko. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4. Pombe ina 7, jambo ambalo wapenzi wa bia hawapendi kulisikia.

Kisha kuna vya kunywa. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au nane. Ukiniuliza uanze na nini, nitakwambia: pima mafuta ya kupikia kwa kijiko, na kiu ikishika kunywa maji. Ongeza maharage, dagaa, mayai na mboga, kwa sababu protini na makapi-mlo (nyuzinyuzi za chakula) hushibisha muda mrefu. Ugali endelea nao, kipande kidogo zaidi.

Mimi nitafanya mazoezi tu, chakula siachi.

Hapa kuna utafiti uliofanyika kwetu Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu inayotumiwa na Wahadza, wawindaji na waokota matunda wa karibu na Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji yenye alama maalumu, wakapima mikojo yao siku zilizofuata, njia ambayo huonyesha mtu ametumia kalori ngapi. Wahadza hutembea mno: mwanaume hupita kilomita 10 kwa siku akifuata wanyama na asali. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya kalori walizotumia haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini.

Pontzer anaeleza kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingineko ndani yake. Watafiti wengine hubishana naye kuhusu ni kiasi gani. La kushika ni hili: saa moja ya kutembea haraka huchoma kalori zisizofika zile za chapati mbili. Mazoezi yana kazi nyingine kubwa: hulinda misuli isiliwe pamoja na mafuta, hushusha sukari na presha, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Ila kwa kupungua kwenyewe, sahani ina sauti kubwa kuliko viatu vya kukimbilia.

Mkanda wa tumbo, je? Na kukimbia na koti la nailoni?

Mkanda hubana. Ukiuvua, tumbo linarudi palepale. Koti la nailoni hukutoa jasho, jasho ni maji, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam mtu anaweza kuzirai. Kuvuta tumbo mara mia kwa siku kutaimarisha misuli iliyo chini ya kitambi, lakini mwili ndio unaoamua uanze kutoa mafuta wapi, na hufuata urithi, jinsia na umri. Kuna nafuu moja: mafuta ya ndani, yanayozunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwa kisukari na moyo, huitikia mapema mtu anapoanza kupungua.

Kuna chai nauziwa, ukinywa unaharisha, tumbo linakuwa jepesi.

Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kulainisha choo. Unapoteza maji na chumvi muhimu za mwili kama potasiamu, si mafuta. Ukizidisha, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo. Vidonge visivyoeleweka ni vibaya zaidi, kwani baadhi ya bidhaa zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Mbona nikipungua narudi palepale, wakati mwingine na nyongeza?

Kwa sababu mwili hauoni kupungua kama ushindi, unaona njaa. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Seli zikinywea, leptini inashuka, na ubongo unajibu kwa kukuongezea njaa na kupunguza matumizi. Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baadaye, mwaka 2016, waliripoti kwamba miili yao bado ilikuwa ikitumia kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Kwa hiyo anayemwambia ndugu yake "huna nidhamu" afikiri kwanza anasema nini.

Sindano za semaglutaidi, zinazojulikana kwa jina la Ozempic, zimeleta kelele nyingi kwa kuwa zinagusa hapohapo: huiga homoni ya utumbo inayoleta shibe. Katika majaribio watu walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walioacha walirudisha takribani theluthi mbili ndani ya mwaka. Ni dawa ya daktari, si ya kuagiza kwa wakala wa mtandaoni.

Mimi sijafanya lolote, ila nguo zinanipwaya na watu wananisifu.

Usipokee pongezi hizo haraka. Kupoteza asilimia 5 ya uzito, yaani kilo 4 kwa mtu wa kilo 80, ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia ni sababu tosha ya kwenda hospitali. Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku au una homa za jioni, omba kupimwa kifua kikuu. Kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara kunaelekeza kwenye kisukari. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kuona joto wenzako wakiona baridi kunaweza kuwa tezi ya shingo. Kipimo cha VVU nacho kifanyike, na kwa mtu mwenye umri mkubwa daktari atatafuta pia saratani. Mweleze ulikuwa na kilo ngapi na lini. Kama hukumbuki, mwonyeshe tundu la mkanda ulilokuwa ukifungia mwaka jana na unalofungia sasa.