Stesheni ya GPS inasumbua? Niambie kwanza ni saa ngapi

Meseji za masaveya nazijua hata kabla sijazifungua. "Kaka, stesheni ya Mombasa iko na shida, rova haifiksi," yaani kipokezi cha GPS anachotembea nacho hakishiki pozisheni sawasawa. Na mimi jibu langu ni lile lile, saa ngapi? Na jana ilikuwa saa ngapi? Wengine hukasirika wakaona nawazungusha tu, lakini wallahi hilo swali la saa ndilo linanionyesha shida iko wapi kabla sijashika ngazi wala spana, na leo nataka nilieleze lote hapa maana nimechoka kulieleza kwa simu kila mtu na zamu yake.

Kwa ambao hii si kazi yao: stesheni ni antena iliyofungwa imara juu ya paa au nguzo, mahali ambapo pozisheni yake inajulikana vizuri, na chini yake kuna risiva inayosikiliza satelaiti mchana na usiku bila kulala. Satelaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, kwa hiyo mawimbi yakifika huku chini yashakuwa dhaifu mno, na risiva inahesabu mizunguko ya wimbi lenyewe ambalo kwa L1 (frikwensi ya kwanza ya GPS) urefu wake ni sentimita 19 tu. Ndo maana saveya anaweza kupata mpaka wa ploti kwa sentimita mbili. Marekebisho yanatoka stesheni kupitia intaneti yanaenda kwa rova ya saveya (njia hiyo inaitwa NTRIP, ile ya poti 2101), na data nzima inabaki kwenye mafaili ya RINEX (mtindo wa kuhifadhi data ya GPS) kwa wale wa kuprosesi baadaye.

Kwa hiyo kabla ya yote natenganisha. Kama faili ndani ya risiva iko kamili lakini watu hawapati marekebisho, basi hiyo ni intaneti, bando limeisha au rauta imeganda, na hapo sina mengi ya kusema. Kama faili lenyewe lina mashimo kwa sababu stima ilipotea na betri ikachoka, pia ni rahisi, betri inabadilishwa tukaendelea na maisha. Kesi tamu ni zile ambazo risiva iko hai, data inaandikwa, lakini ni data mbaya.

Hapo ndo naanza na saa.

Satelaiti ya GPS inazunguka dunia mara mbili kwa muda wa saa 23 na dakika 56, si saa 24 kamili. Maana yake satelaiti iliyopita juu ya paa lako leo saa tano na dakika ishirini asubuhi, kesho itapita pale pale saa tano na dakika kumi na sita, na baada ya wiki nzima itakuwa saa tano kasoro dakika nane. Sasa ukiona uchafu kwenye data na uchafu huo unarudi kila siku dakika nne mapema, umeshamjua mwizi: ni kitu kisichotembea kilicho karibu na antena. Bati, tangi la maji, ukuta wa jirani aliyeongeza ghorofa. Wimbi linatoka satelaiti, linadunda kwenye bati, linaingia kwa antena likiwa limechelewa kidogo, na risiva inachanganyikiwa. Sisi tunaita maltipathi. Kwenye hesabu ya mizunguko ya L1 inaweza kukusogeza mpaka karibu sentimita 5, na kwenye kodi ya kawaida ("code", ile ambayo simu hutumia kupima umbali) inaweza kufika mita kadhaa.

Mjini hapa paa ni vita. Unafunga antena leo mahali pasafi kabisa, mwezi ujao mwenye jumba ameweka matangi mawili meusi na dishi upande wa kusini na hakukwambia, kwani akwambie kwa nini, jumba ni lake. Ukitaka kuthibitisha bila kupanda juu, chora nguvu ya mawimbi ya satelaiti moja moja kwa siku tatu nne, halafu kila siku isogeze dakika nne. Michoro ikikaa juu ya mwenzake sawasawa na mabonde yake yote, mjadala umeisha. Ila angalia usitumie hesabu hii kwa GLONASS ya Warusi wala Galileo ya Ulaya, hizo zinarudia njia yake baada ya siku nane na siku kumi, ukizichanganya na GPS utaona fujo tu.

Kinyume chake ni uchafu unaorudi saa ile ile ya ukutani. Huo si wa mbinguni, huo ni wa binadamu. Binadamu ndo anafungua karakana saa mbili asubuhi, ndo anawasha mashine ya kuchomelea, ndo anaegesha lori pale pale kila siku. Na Mombasa yetu ni mji wa malori, kila lori la transiti linafuatiliwa na GPS, na kuna madereva hawapendi kufuatiliwa, basi wananunua kale kadude ka kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kanakoziba GPS. Kadude hako hakajui kuziba lori moja tu. Kule Marekani mwaka 2013 dereva mmoja alipigwa faini ya karibu dola 32,000 kwa sababu kifaa chake kilivuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark, na yeye alikuwa anataka tu kumficha bosi wake alipo! Dalili yake kwenye data haifanani na maltipathi hata kidogo: satelaiti zote zinashuka nguvu kwa pamoja, za mashariki na za magharibi, dakika moja mbili, halafu zote zinarudi pamoja. Bati haliwezi kufanya hivyo. Ukiona hivyo na stesheni yako iko karibu na barabara ya kwenda bandarini, usifungue risiva, kaa kwenye kivuli uhesabu malori.

Kabla sijasahau, kuhusu saa yenyewe. Siku ya GPS inaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Mtu ananiomba data ya Jumanne, nampa faili la Jumanne, ananipigia kelele kwamba alipima Jumanne saa nane usiku (sijui alikuwa anapima nini usiku huo) na hamna kitu. Kaka, saa nane usiku ya kwetu bado ni faili la Jumatatu. GLONASS yenyewe inafuata saa ya Moscow, ambayo ni saa yetu sisi Afrika Mashariki, ila ndani ya faili la RINEX mara nyingi saa inayotumika ni ya GPS, na hiyo tangu Januari 2017 iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa sekunde 18. Kwa saveya wa ploti sekunde hizo hazina neno, kwa mwenye droni anayetaka kulinganisha picha na pozisheni ni balaa.

Sasa twende kwenye lile linaloniletea meseji nyingi kuliko yote, la baada ya magharibi. Jua likishatua, kuanzia kama saa mbili usiku mpaka saa sita hivi, hasa Machi na Aprili na tena Septemba na Oktoba, risiva zinaanza kuruka mizunguko, satelaiti zinapotea na kurudi, rova inafiksi inaachia, inafiksi inaachia. Hiyo ni ionosfia, tabaka la juu lenye chembe za umeme. Mchana jua linalijaza, na kwa vile sisi hatuko mbali na ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu inapita Ethiopia, zile chembe zinapandishwa juu pale halafu zinamwagikia pande mbili, kaskazini na kusini, na upande wa kusini wanaomwagikiwa ni sisi watu wa Pwani. Jua likitua tabaka lile linatoboka mapovu, mawimbi yakipita kwenye mapovu yanatetemeka kama taa ya jikoni mlango ukiachwa wazi. Tena jua lenyewe lina misimu yake ya miaka kama kumi na moja, na kilele cha juzi kilikuwa mwaka 2024, kwa hiyo wale walioanza kazi 2019 wakaona GPS ni raha mustarehe walikuwa hawajaonja.

Njia ya kuhakikisha ni ndogo sana. Malindi kuna stesheni ya kimataifa inaitwa MAL2, iko kule kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, na data yake iko wazi kwa kila mtu. Kutoka kwetu ni kama kilomita mia na thelathini kwa mstari wa ndege. Stesheni yangu ikichafuka saa tatu usiku, nafungua ya Malindi usiku ule ule. Zikiwa zimechafuka zote mbili, silipandi paa la mtu. Namwambia saveya apime asubuhi, akiuliza nitarekebisha lini namwambia amuulize jua.

Kuna saa nyengine ambayo watu wa bara hawaijui kabisa, saa ya maji. Kama antena yako iko karibu na bahari, satelaiti zilizo chini karibu na upeo zinadunda kwenye maji kabla ya kukufikia. Na maji hayakai. Siku za bamvua hapa tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu, kwa hiyo kioo chako kinapanda na kushuka, na kila siku kinachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Kwa hiyo uchafu ukisogea mbele dakika hamsini kila siku, na ukizidi siku za bamvua ukapungua maji yakiwa mafu, angalia jedwali la maji. Dawa yake ni kuinua kikomo cha upeo (pembe ambayo chini yake risiva haisikilizi satelaiti), kutoka digrii tano mpaka kumi au kumi na tano. Kuna wanasayansi wanatumia mawimbi hayo hayo ya kudunda kupima kimo cha maji ya bahari, wao uchafu wetu ndo mboga yao.

Na kuna shida zisizofuata saa yoyote. Hizo ndo za ngazi na spana.

Pwani adui ni chumvi. Konekta ya chini ya antena unaiona imefungwa vizuri, imezungushiwa tepu, nje safi kabisa, ukiifungua unakuta kutu ya kijani imekula mpaka pini ya katikati na ndani ya kebo waya wa kusuka umekuwa mweusi. Maji yanaingia tone moja tu wakati wa masika, halafu yanatembea ndani ya ule msuko mita kadhaa, kwa hiyo hata ukikata kichwa ukaweka kipya bado umeacha ugonjwa ndani. Dalili zake: nguvu ya mawimbi inashuka pole pole kwa wiki na miezi, satelaiti zote, na L2 (frikwensi ya pili) mara nyingi ndo inayoanza kulia maana inafika ikiwa dhaifu zaidi. Mvua ikinyesha inazidi, jua kali likiwaka mchana inapona kidogo, ukadhani imejirekebisha. Pima volti inayopanda kwa antena, kwa risiva nyingi ni kama tano hivi, kisha pima upande wa juu kwenye mwisho wa kebo huku antena ikivuta. Ikiwa chini tano na juu tatu na kitu, kebo yote itoke. Ukifunga mpya tumia ile tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, uivute hasa, uanzie chini kwenda juu ili mikunjo ielekee chini kama vigae, na juu yake uweke tepu ya kawaida ya kuzuia jua. Na kebo iache ininginie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke hapo yasiingie nayo ndani.

Halafu kunguru. Hawa wetu weusi wenye shingo ya kijivu hawana adabu, wanajenga matundu kwa vipande vya waya, na hakuna mahali wanapopapenda kama nguzo ya antena iliyo juu peke yake. Ukiona upande mmoja wa mbingu umefifia ghafla na upande mwengine uko sawa, na hakuna aliyejenga, panda juu na kijiti.

Ya mwisho ni ile ya kuruka mara moja. Data ilikuwa sawa mpaka tarehe fulani, kuanzia siku ile kimo kimepanda sentimita tatu na hakishuki tena. Hiyo si hali ya hewa, mtu amegusa kitu. Ama antena imebadilishwa na jina la ya zamani limebaki kwenye kichwa cha faili, ama kimo kimepimwa kutoka sehemu isiyo ndiyo, ama programu ya risiva imesasishwa. Na ukikuta mafaili ya Aprili 2019 yameandikwa Agosti 1999 usishtuke, GPS inahesabu wiki 1,024 kisha inaanza sifuri, ilifanya hivyo Aprili 2019, na risiva za zamani ambazo hazikusasishwa zilirudi nyuma karibu miaka ishirini.

Msije pia mkanipigia kwamba stesheni inatoa kimo hasi. Hapa Pwani usawa wa bahari uko zaidi ya mita ishirini chini ya lile yai la hesabu (umbo la dunia) ambalo GPS inatumia kupimia kimo, kwa hiyo hasi ni sawa kabisa. Na kama ramani yako imekosana na stesheni kwa mita kama 300, mita mia tatu nzima, hakuna kutu wala kunguru wa kukosesha hivyo, ramani yako ni ya Arc 1960 (datamu, yaani msingi wa vipimo, wa ramani zetu za zamani) na rova umeiacha kwenye WGS84 (datamu ya GPS). Ingia kwenye seting ubadilishe datamu kwanza, simu baadaye.