Daftari la mama wa chama

Nikiitwa kuratibu kampeni, swali la kwanza la mgombea huwa lile lile: "Utaniletea vijana wangapi?" Vijana wa kujaza lori hawakosekani Mombasa. Ninayemtafuta mimi ni mama wa chama, cha akiba na si cha siasa, anayejua nani amehama, nani ana mgonjwa, na nani alipoteza kitambulisho.

Mtu huyo hapatikani kwa kipaza sauti. Unamfuata kwake, tena na mtu anayemjua, na unampa kazi yenye mwisho: Jumamosi hii, saa 3 hadi saa 6, nyumba ishirini za mtaa wake. Ukimwambia "jiunge nasi" tu, atakuitikia kwa adabu na hutamwona tena. Nauli na chakula cha mchana mpe, maana ameacha biashara yake. (Kwetu kujitolea bila nauli ni hadithi ya vitabuni.) Mpiga kura ndiye usimpe kitu: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumkirimu ili kumshawishi.

Mlangoni ndipo wengi huharibu. Siku moja Kisauni, Mombasa, nilimsindikiza kijana aliyeanza kusoma ahadi za mgombea, moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba aliendelea kukuna nazi, hata kichwa hakuinua. Mama niliyekuwa naye akamkatiza: "Shoga, siku ya kura utakwenda saa ngapi?" Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Nikishamaliza maandazi. Saa 4 hivi." Na mtoto abaki na nani? Wakapanga hapo hapo. Mama akaandika kwenye daftari lake: jina, kituo, saa 4.

Si ujanja wa Pwani pekee. Mwaka 1998, wataalamu wa siasa Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio New Haven, Marekani: waliofikiwa nyumbani ana kwa ana walijitokeza kupiga kura zaidi kwa karibu pointi 9 za asilimia. Simu za watu waliolipwa kupiga hazikuongeza kitu.

Kwetu mtihani ulikuja 2022. Wakenya walipiga kura 9 Agosti, lakini uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega uliahirishwa hadi 29 Agosti kwa makosa ya karatasi za kura. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Kwa kawaida mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja, na mgombea ugavana hudandia jasho la wagombea wa udiwani, ambao ndio wenye watu mitaani. Tarehe 29 karatasi ilikuwa moja. Wagombea udiwani walikuwa wameshashinda au wameshalia, na watu wao wamerudi makazini. Vituo vilipwaya.

Niliyekuwa nikimfanyia kazi alitaka misafara zaidi ya magari. Tulibishana, nikashindwa, pesa ya petroli ikatoka, ya mama wa chama haikutoka. Siku yenyewe, mchana, nilimkuta yule mama wa Kisauni kwenye kibaraza chake, daftari mapajani. Alikuwa amezunguka peke yake tangu alfajiri, bila nauli, akipiga mstari kila jina lililokwisha kupiga kura. Mengi yalikuwa bado. Akanionyesha moja: la mama wa maandazi.

"Huyu anasema alishapiga," akaniambia. "Hajui kuna nyingine. Ngoja nivae buibui nimfuate."